Mkosha

Jina, wakaniuliza. Chumu binti Faki.
Makaazi. Kangagani.
Kazi. Nikasema, nakosha maiti za kike,
mwaka wa thelathini na moja huu.
Karani akainua kalamu, akaishusha.
Hakimu akasema, Sema kwa sauti, Bi.

Kwa sauti!
Mie niliyefundwa na bibi yangu juu ya ufuo,
kopo mkononi, maji ya mkunazi yakipoa:
Utakachokiona chini ya shuka hii
kiache kiende na maji.
Kovu, kilema, mimba isiyo na mwenyewe,
yote ni ya maiti, na maiti kakuamini.
Nikafunga kinywa kama ninavyofunga sanda,
kichwani, kiunoni, miguuni.

Wa Kojani nilimkuta na umbo la pasi mgongoni.
Ilimwangukia, wakasema.
Nikajiuliza pasi hupandaje mgongo wa mtu,
nikamimina maji, nikanyamaza.
Wa Shengejuu hakuwa na meno mawili ya mbele,
na hina ya harusi ingali nyekundu miguuni.
Nikamtia pamba. Nikanyamaza.

Kisha Kazija.
Kaanguka mkarafuuni, alisema mumewe uani,
na wanaume wakaitikia, Kazi ya Mungu.
Ilikuwa masika. Mikarafuu haijatoa hata tumba.
Alipanda kuchuma nini?
Nikamlaza ubavu wa kushoto
nianze kuliani, kama ilivyo sunna,
nywele zikahama shingoni, nikaviona:
vinne upande huu, kimoja upande ule.
Time, aliyenishikia kopo, akaviona.
Bikombo, aliyekuwa akiponda karafuu maiti, akaviona.
Mti hauna vidole.

Usiku wa kuamkia kesi wakaja
na nusu gunia la mchele wa mapembe.
Mamaake kijana, tumenyonya ziwa moja.
Hakusema mengi. Muhali, Chumu, alisema,
na neno hilo kwetu ni zito kuliko gunia.
Mlangoni akageuka:
Siri ya maiti aijuaye ni mkosha.
Aijuaye. Si aisemaye.
Nikakaa na maneno yake mpaka adhana ya alfajiri.
Mchele nikaurudisha kwa mtoto wa jirani.

Wakili naye akaliokota lilelile:
Bibi, dini haikukukataza kutoa aibu ya maiti?
Imenikataza.
Basi?
Nikashika ubao wa kizimba, mkono unatetema.
Aibu ya Kazija sikuitoa, nikasema.
Alikuwa nayo moja, kama mimi, kama wewe,
na hiyo nitazikwa nayo.
Vidole vile si vyake.
Ni mali ya mtu, kaisahau shingoni mwake.
Mwenyewe yule pale. Akabidhiwe.

Nyuma yangu benchi likalia.
Time kasimama. Hajaitwa.
Bikombo kasimama.
Askari akasema, Kaeni.
Hawakukaa.

Hukumu imeahirishwa, mara ya nne sasa.
Misiba ya mtaani hainiiti tena.
Wamepata mkosha mwengine, wa Gando,
macho yake yana mtoto wa jicho, na wanamsifu sana.
Kopo langu nimelipindua juu ya kichaga.
Time kaambiwa na mumewe achague,
bado hajaniambia alichagua nini,
ila juzi kaja na begi, kalala kwangu.

Na usiku uleule, baada ya isha,
mlango ukagongwa kwa kucha.
Mwanamke. Simjui, au namjua, nisimtaje.
Hakukaa. Akapandisha mkono wa baibui
mpaka begani, akaleta taa karibu.
Bi Chumu, akasema,
nikoshe nikingali hai.

Nikateleka maji.
Sikumuuliza kaanguka wapi.